Bote Chini ya Motokari

Juzi juzi Kavira, binti yangu mkubwa, alinionyesha kwenye telefone yake motokari za okazioni, yaani zilizokwisha kutumika, ambazo watu wa Beni wanauza. Ya kwanza ilikuwa mlango mmoja na kidole cha mpiga foto. Ya pili ilipigwa kutoka ndani, unaona usukani na mfuko wa vitunguu. Ya tatu sikujua ni motokari au ni choo cha mabati. Kavira alicheka mpaka akaketi chini, akaniuliza mbona mimi sicheki. Nikasema moshi umeniingia machoni, nikaenda jikoni. Mimi nilimjua mtu aliyepiga foto za namna hiyo kabla ya hawa wote, kule Butembo, wakati wa vita, kwa aparei ya filimu, na mpaka leo sijui kama yule mtu alikuwa hajui kazi yake au aliijua kutupita sisi wote.

Tulimwita Muzee wa Foto. Jina la ubatizo lazima alikuwa nalo, lakini sikuwahi kuliuliza. Alifika Butembo na kazi ya serikali, kupiga watu foto za vitambulisho. Vita ikaja, serikali ikajiondokea zake, yeye akabaki na aparei shingoni na mshahara usiofika. Alikuwa mtu wa mbali. Kiswahili chake kilijaa Lingala, na katika Kinande alijua neno moja tu, "wasingya", yaani asante, alilolisema kila mahali, hata mahali pa kusema pole. Kwenye kilio cha jirani yangu aliingia akawaambia wafiwa wote wasingya, wasingya, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha.

Mimi nilikuwa na kibanda cha chai karibu na parking. Wakati ule motokari ya kuuza haikuwekwa barabarani. Ukiiweka barabarani, askari wa upande huu au wa upande ule anapita, anasema jeshi linaihitaji, na hutaiona tena. Kwa hiyo watu walizificha nyumbani, nyuma ya migomba, juu ya mawe, pine za magurudumu zimetolewa. Kilichokuja barabarani ni foto peke yake. Kwenye ukuta wa kibanda changu kulikuwa na ubao, na Muzee alibandika foto pale ndani ya sashe ya plastiki kwa ajili ya mvua, chini yake ameandika: A VENDRE, BON ETAT, ULIZA KWA MAMA WA CHAI. Yaani inauzwa, hali nzuri, na mama wa chai ndiye mimi. Donc, kwa hiyo, kila aliyekasirishwa na foto za Muzee alikuja kukasirika kwangu.

Na kulikuwa na sababu ya kukasirika. Foto zenyewe hazikuwa na kichwa wala miguu. Kuna motokari nyekundu ambayo mbele yake alisimama mbuzi, na mbuzi yule akatoka vizuri kabisa, masikio, ndevu, kila kitu, motokari ikawa doa la rangi nyuma ya mgongo wake. Siku moja mtu wa Lubero alisimama mbele ya ubao mpaka chai yake ikapoa, halafu akaniuliza mbuzi ni bei gani. Nikamwambia hapa tunauza motokari.

"Motokari miye siione," akasema. "Mbuzi njo naona, na iko muzuri."

Akapelekwa kwa mwenyewe, akanunua mbuzi. Motokari ikabaki pale pale. Kulikuwa na basi ambalo Muzee alilipiga kutoka mlima wa pili, unaona mikaratusi, unaona mashamba ya maharage, na ukitafuta sana unaona kitu cheupe kama punje ya mchele. Watu walilipa jina la basi la mbinguni. Kulikuwa na jipu ambalo kioo chake kilionyesha Muzee mwenyewe anavyopiga foto, na hapo ndipo tulipogundua kwamba alipiga akiwa amefumba macho yote mawili. Siyo jicho moja kama wapiga foto wengine. Yote mawili, na uso umekunjamana kama wa mtu anayesubiri sindano. Namba za motokari hazikuonekana hata siku moja. Daima kulikuwa na jani la mgomba, au ndoo, au mtoto wa mtu.

Sasa hapa ndipo kichwa kinaponigonga. Muzee huyo huyo alipiga foto za watu vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kufungua studio Butembo. Foto yangu ya kitambulisho aliipiga yeye, na ninaipenda mpaka leo, maana naonekana mtu mwenye akili. Wanawake walisafiri kutoka mbali ili awapige watoto wao siku ya komunio ya kwanza. Alikunyooshea kola kwa vidole viwili, akakuambia ufikirie chakula unachokipenda, akapiga, na ulitoka kwenye karatasi ukiwa wewe kweli, hata mama yako angekubali. Niligombana naye juu ya jambo hilo. Nikamwambia, wewe mtu, mikono ni ile ile, aparei ni ile ile, kwa nini mtu anatoka na nyusi zake zote na motokari inatoka bila mlango?

Alifikiri. Alikuwa na desturi ya kufikiri akiwa na chai mdomoni, hajaimeza bado.

"Mutu anakuangalia," akasema. "Motokari inaangalia wapi?"

Siku nyingine nilimuuliza tena akasema ni bei ya filimu, kwamba mwanzo wa filimu huwa umeungua na hawezi kuutupa, kwa hiyo mwanzo ni wa motokari na katikati ni ya watu. Siku nyingine akasema ni macho, jua la Butembo ni baridi na linamtoa machozi. Sababu ambayo nilikuwa nimeikubali na kuizoea aliniharibia mwenyewe juma lililofuata kwa kuniletea nyingine. Na kila malalamiko aliyajibu kwa Lingala, "likambo te", hakuna neno, akivuta chini pulova yake. Pulova yenyewe ilikuwa ya kike, yenye vifungo vya maua. Alisema baridi haiulizi pulova ni ya nani.

Alikuwa na kingine kilichowachekesha watu. Aparei yake ilikuwa na kidude cha kuisubirisha. Unakibonyeza, inalia tiki tiki tiki, unakimbia, unasimama mahali unapotaka, halafu inajipiga yenyewe. Kwenye ndoa, akishapiga foto zote alizoagizwa, aliiweka aparei juu ya kiti, akabonyeza, akakimbia na kujipanga na familia. Hakuombwa. Hakuuliza. Ukienda Butembo leo ukafungua albamu za ndoa za miaka ile, utamkuta pembeni, amesimama baada ya shangazi wa mwisho, anahema, anacheka. Watu wanaulizana huyu ni wa ukoo upi, upande wa bwana au wa bibi? Nilimwambia ni aibu kujiingiza katika ukoo wa watu. Akasema yeye huku hana ukoo, kwa hiyo anaazima kidogo, na anaurudisha mara baada ya foto. Nilicheka, halafu nikiwa peke yangu sikucheka tena.

Watu wa parking walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema anakula na wanunuzi: foto ikiwa mbaya, bei inashuka. Wengine walisema anatulinda na askari. Haya ya askari yalipata nguvu baada ya jambo la muuza vitenge mmoja, mtu mwenye majivuno, aliyekuwa na jipu la buluu. Huyo alikataa upuuzi. Alisimama nyuma ya Muzee, akamshika kichwa, akamwelekeza, akahesabu yeye mwenyewe moja mbili tatu. Foto ikatoka nzuri jamani, ungetamani kuila. Jipu zima, pine zote, namba, na nyuma yake geti la nyumba, na juu ya geti mnara wa kanisa. Ilikaa kwenye ubao muda mdogo tu. Askari walikuja kunywa chai, wakaiangalia, mmoja akaibandua akaiweka mfukoni, na hawakuniuliza mimi kitu. Wangeniuliza nini? Mnara waliuona, geti waliliona. Jipu likaenda nao, na muuza vitenge akaja kulia kwenye kibanda changu, akimlaani Muzee.

Muzee alipofika nilimuuliza wazi, donc ni kwa sababu hiyo? Zile zingine unaziharibu kwa makusudi? Akapuliza chai yake.

"Ile moya njo niliharibu," akasema.

Hapo nikaamini nimemwelewa. Nikawa natembea mjini kama mtu anayejua siri. Kumbe wapi. Baadaye kidogo kuna mtu alitaka kuuza gari lililoungua, mabati tu, kitu ambacho hata askari mwenye wazimu hawezi kukichukua. Nikasema sasa tutaona, hili halina haja ya kufichwa. Muzee akalipiga foto, na foto ilipotoka ilikuwa mawingu. Mawingu matupu, na waya wa kuanikia nguo. Nikasema basi, mimi nauza chai.

Nimesema yote haya ili mjue ni mtu gani niliyeletewa nyumbani kwangu siku ile, maana sasa nafika kwenye motokari yetu.

Bwana yangu alikuwa na kamioneti nyeupe. Alibeba viazi na maharage kutoka Lubero mpaka Beni, akarudi na mawese. Njia zilipochafuka, akaipandisha juu ya mawe nyuma ya nyumba, akatoa pine, akazifukia chini ya majivu na maganda ya maharage, halafu akapanda lori la mwenzake kwenda upande wa Mambasa, akisema hatachelewa. Lori halikurudi. Mmoja alisema limechomwa. Mwingine alisema dereva ameonekana Oicha. Mwingine alimwona bwana yangu kwa macho yake Mbau, anauza chumvi, amekonda. Kila mtu alikuwa na habari yake, na mimi nilikuwa na zote, na hazikukaa pamoja.

Shemeji yangu, mdogo wake bwana, alisubiri kiasi cha heshima, halafu akaanza kusema motokari iuzwe. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alisema batri inakufa, kutu inakula, siku moja askari wataiona, na batoto wanahitaji kusoma. Kila neno lilikuwa la kweli. Lakini kwao, motokari ya mwanamume haiuzwi akiwa hai bila yeye kusema. Kuiuza ilikuwa ni kutangaza. Nilimjibu mbele ya mama mkwe.

"Shemeji, siku tutauzisha ile motokari, njo siku tutakuwa tumemuzika. Miye bado."

Nililia kidogo, yeye akaangalia chini, na juma lililofuata akaja na Muzee wa Foto.

Lazima niwaeleze kuhusu bote, vile viatu virefu vya matope. Katika ukoo wa bwana, wale wa milimani upande wa Lubero, mwanamume akisafiri huacha bote zake za shamba mlangoni, pua zikiangalia barabara. Hakuna anayezigusa. Ukifagia, unafagia kuzizunguka. Akirudi, anazigeuza mwenyewe, pua ziangalie ndani, na hivyo hata mtu aliyelala anajua asubuhi kwamba mwenye nyumba amefika. Bote za bwana yangu zilikuwa pale, za plastiki, nyeusi, buibui ameshaweka nyumba ndani ya moja. Nilizizunguka na ufagio kila siku.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na uwanja ulikuwa matope. Muzee alikuja na viatu vyake vya misa, akiruka ruka juu ya mawe kama kuku. Shemeji akataka karte roze, ile karatasi ya umiliki wa motokari. Nikasema sijui iko wapi. Ilikuwa kifuani mwangu, ndani ya blauzi. Tukaingia ndani kuitafuta, yaani yeye akitafuta na mimi nikigombana, na tulikaa muda, maana kulikuwa na mengi ya kusema kuhusu mama yake, na kuhusu mama yangu. Muzee tulimwacha nje peke yake na kamioneti.

Tulipotoka bila karte, Muzee alikuwa amesimama pembeni anafunga kamba za viatu, na mgongo wake wote, kuanzia shingoni mpaka matakoni, ulikuwa matope. Ile pulova ya maua ilikuwa ya kufinyanga chungu. Nilimkaripia, nikamwambia mtu mzima anaangukaje mahali pa wazi. Akasema likambo te. Nikampa chai kwa sababu ni tabia yangu, akanywa amesimama, akasema wasingya, akaenda zake akichechemea.

Jioni nilipokwenda kufagia, bote zilikuwa zimegeuka.

Pua ziliangalia ndani. Buibui hayupo. Matope mabichi kwenye soli.

Sijui niwaeleze vipi. Nilikaa chini pale pale kizingitini. Halafu nikasimama nikazunguka nyumba, nikaenda kwenye migomba, nikaita jina lake taratibu, nikaingia chooni, nikapanda kuangalia darini. Niliuliza batoto, hakuna aliyezigusa, na Kavira, aliyekuwa mkubwa wa kutosha kujua maana yake, akaanza kuruka ruka akisema papa amefika. Nilimfunga mdomo kwa mkono. Wakati ule wanaume wengi walirudi kwa kujificha, maana upande huu ungekushika kukufanya askari, na upande ule ungekushika kukuuliza ulikuwa wapi. Mwanamume angeweza kuwa kwake na jirani asijue. Nilipika chakula cha mtu mmoja zaidi. Kililala.

Halafu foto ikatoka labo, kule wanakosafisha filimu, na Muzee akaileta kibandani, shemeji akiwapo. Ilikuwa imeinama upande, kama kawaida yake, imepigwa kutoka chini karibu na ardhi. Ilionyesha nusu ya kamioneti, na kipande cha mlango. Na chini ya kamioneti, zimetoka nje kuanzia magotini, miguu ya mwanamume aliyelala chali, na kwenye miguu hiyo bote nyeusi.

Shemeji aliishika foto, akaisogeza karibu na macho. Alizijua zile bote, alikuwapo siku zilipowekwa pale. Akamuuliza Muzee nani alikuwa chini ya motokari. Muzee akamtazama bila hata kupepesa.

"Miye napiga foto ya motokari," akasema. "Ya chini haiko yangu."

Akaibandika kwenye ubao, bon état na yote. Na hakuna mtu aliyeitaka ile kamioneti. Walisimama, waliangalia, waliniambia, mama, motokari ambayo hata siku ya foto fundi hajatoka chini yake, hiyo inaumwa ugonjwa gani? Lakini kabla hata ya hao, shemeji alipita nyumbani kwangu mara moja. Alisimama mlangoni, akaangalia bote zilivyogeuka. Halafu akaniinamia sikioni.

"Umusalimiye," akasema. "Umwambiye sikukuwa na roho mubaya."

Tangu siku ile hakutaja tena kuuza. Alituma maharage, mengi, ya watu wengi kuliko tuliokuwa. Naye aliitunza peke yake siri ya kaka yake aliyejificha, na mimi sikuwa na la kumwambia, maana niliamini vilevile. Ningeamini nini kingine? Foto haikuwa ndoto, niliishika.

Na ndipo hasira ikanishika, hasira ambayo sikumwambia padri wala mtu. Kwa hiyo bwana yangu alikuja. Alivaa bote zake, akalala chini ya motokari yake, akairekebisha au akaililia, sijui, mimi nikiwa ndani hatua chache kutoka hapo nikiipigania. Alinisikia. Halafu akageuza bote kama mtu aliyefika, na akaenda. Bila kunisalimia. Bila kumwangalia Kavira. Nilijiuliza ana mwanamke mwingine huko Mbau wa kumuuzia chumvi? Nilijiuliza alinisikia nikimtukana mama yake akachukia? Foto niliitoa kwenye ubao nikaiweka ndani ya kitabu cha sala, na sala zangu zote miaka ile zilikuwa za kugombana. Nilimpenda, nilimchukia, nilimpikia, na sikujua ninafanya lipi saa ngapi.

Kamioneti haikuuzwa. Njia zilipotulia kidogo nilifukua pine, nikapata dereva, ikaanza tena kubeba viazi. Ndiyo iliyolisha nyumba, ndiyo iliyowasomesha batoto, ndiyo iliyotuhamisha tulipokuja kuishi Beni kwenye joto hili. Bote nilizibeba ndani yake, nikaziweka kwenye mlango mpya vilevile nilivyozikuta, pua ndani. Kavira alikua akijua kwamba baba yake alirudi siku moja. Muzee wa Foto alipotea Butembo kabla yetu, na watu wakasema amekufa, halafu wakasema amerudi kwao, na mimi, kama kawaida, nikawa na habari zote mbili.

Siku chache baada ya zile foto za telefone nilikwenda kumtembelea mgonjwa katika komini ya Ruwenzori, hapa hapa Beni, na mwenye moto, ile pikipiki ya abiria, akakosea mahali pa kunishusha. Nikiwa naangalia huku na huku, nikaona nyumba ndogo yenye shuka jeupe limetundikwa ukutani, na mbele yake kigoda. Studio. Kwenye kiti pembeni alikaa mzee mmoja, macho yana ukungu, amevaa pulova katika joto la Beni. Nilisalimu tu, na aliposikia sauti akageuka.

"Mama ya Chai," akasema. "Wasingya."

Sikuwa nimempa kitu. Nikaketi kwenye kigoda cha wateja, nikacheka, nikafuta macho. Tulizungumza. Haoni tena vizuri, mjukuu wa jirani ndiye anayebonyeza, yeye ananyoosha kola. Nikamwambia kuhusu telefone ya Kavira na vidole na mifuko ya vitunguu, akafurahi, akasema vijana wanajitahidi. Akaniuliza ile kamioneti iko bado. Nikasema iko, ni mzee kama sisi lakini inatembea. Alitikisa kichwa muda mrefu, ameridhika. Halafu akaniuliza kama bwana alirudi.

Nikasema hapana. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hivyo, hapana peke yake, bila kuongeza isipokuwa siku moja. Sijui kwa nini nililisema kwake.

Muzee akavuta pulova chini.

"Alikuwa na miguu kidogo," akasema. "Zile bote zilinibana sana."

Nilisikia maneno, na yalichukua muda kufika. Kisha nikaona yote kwa pamoja, aparei juu ya jiwe inalia tiki tiki, na yeye anakimbia kwenye matope kama anavyokimbilia ndoa za watu, anajitupa chali chini ya motokari ya bwana yangu. Matope mgongoni. Kuchechemea. Nikamuuliza kwa nini, na sauti yangu haikuwa nzuri. Akasema viatu vyake vilikuwa vya misa, hakutaka kuvichafua. Nikasema sikuulizi viatu. Akasema chai yangu ilikuwa na tangawizi. Akasema alisikia ninavyolia ndani ya nyumba. Akasema chini ya motokari hapakuwa na upepo, na alikuwa amechoka. Sababu nne, kama zamani, na sijui ni ipi, au ni zote.

Nikamuuliza swali lililobaki. Nikamuuliza kwa nini alizigeuza.

"Kugeuza nini?" akasema.

"Bote. Ulizirudisha pua ndani."

Alinigeuzia yale macho ya ukungu, na nikaona kwamba hajui ninasema nini. "Niliziweka, mama," akasema. "Nilizivulia pale mulango, niliziweka. Kama mutu anaweka bote."

Hakujua. Mtu wa mbali, nani angemwambia? Alizivua akiwa anaangalia nyumba, akaziacha zilivyosimama. Miaka yangu yote ilikaa juu ya hilo. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumbusu mikono, nikaishia kumshika tu ile pulova na kuinyoosha. Kwa hiyo hakuja. Bwana yangu hakuja siku ile, hakulala chini ya motokari akanisikia, hakuondoka kwangu bila kuniaga. Nilimgombeza mtu kwa miaka juu ya mlango ambao hakuufikia. Muzee alinisikia nikilia akasema likambo te, halafu baadaye akasema pole, kwa Kiswahili, vizuri kabisa.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado lipo. Foto ilikuwa ndani ya kitabu cha sala, na niliiangalia, miguu ya mtu mwingine ndani ya bote za bwana yangu, na sikuona sababu ya kuitoa. Nikairudisha. Halafu nikaenda mlangoni, nikainama, nikazigeuza zile bote, pua zikaangalia barabara.

Kavira alirudi kutoka kazini, akasimama mbele yake, akaniuliza nani amezigeuza.

Nikamwambia ni mimi.